Korosho: Kutoka Shambani Hadi Mpakani

Korosho ni zao la biashara linalolimwa karibu katika ukanda wote wa pwani yetu, kuanzia Lamu na Kilifi nchini Kenya, kupitia Tanga, Pwani, Lindi na Mtwara nchini Tanzania, hadi Cabo Delgado na Nampula nchini Msumbiji. Katika mikoa ya kusini mwa Tanzania, zao hili ndilo tegemeo la kaya nyingi. Ada ya shule, bati la nyumba, pikipiki na mahari, vyote hungoja msimu wa korosho.

Makala haya yanaeleza mti wenyewe, namna unavyotunzwa, historia ya zao hili katika nchi tatu jirani, jinsi korosho zinavyouzwa, na mambo ambayo mfanyabiashara anapaswa kuyafahamu kabla ya kununua au kuvusha mzigo.

JINA NA ASILI

Mkorosho, ambao jina lake la kitaalamu ni Anacardium occidentale, ni mti wa jamii moja na mwembe. Asili yake ni kaskazini mashariki mwa Brazili. Wareno waliupeleka India na Msumbiji katika karne ya 16, na kutoka huko ukaenea katika pwani ya Afrika Mashariki. Huko kwao Brazili, karibu na mji wa Natal, upo mkorosho mmoja maarufu ambao matawi yake yamelala chini, yakaota mizizi na kuendelea kutambaa hadi kufunika eneo la takriban mita za mraba 8,000.

Neno la Kireno caju limetokana na lugha ya Watupi, wenyeji wa Brazili. Katika pwani ya Kenya wapo wanaouita mti huu mkanju, na sehemu nyingine huitwa mbibo. Nchini Tanzania neno lililoenea ni mkorosho kwa mti, korosho kwa mbegu na bibo kwa tunda. Jina la mtaa wa Mabibo jijini Dar es Salaam ni lile lile la tunda hilo.

MTI NA TUNDA LAKE

Mkorosho hustawi katika maeneo ya joto yasiyo na baridi kali, hasa chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Huvumilia udongo wa kichanga ambao mazao mengi hayauwezi, mradi maji yasituame. Unahitaji mvua za kutosha, lakini pia unahitaji miezi kadhaa ya ukavu wakati wa maua na matunda. Mvua inayonyesha maua yakiwa yamechanua huleta magonjwa, na inayonyesha wakati wa kuokota huozesha korosho chini ya mti.

Tunda la mkorosho huwashangaza wanaoliona kwa mara ya kwanza kwa sababu mbegu yake iko nje. Lile bibo jekundu au la njano lenye maji mengi si tunda halisi bali ni kikonyo kilichovimba. Tunda halisi ni korosho yenyewe, yenye umbo la figo, inayoning'inia chini ya bibo.

Ganda la korosho lina matabaka mawili, na katikati yake kuna mafuta mazito yanayobabua ngozi. Kwa sababu hiyo korosho ghafi haing'atwi kwa meno, na anayezichoma motoni hukaa mbali na moshi wake. Mafuta hayo yana thamani viwandani: hutumika kutengenezea vitambaa vya breki za magari, rangi, vanishi na gundi. Ndani ya ganda kuna kiini kilichovikwa ngozi nyembamba ya kahawia. Kiini hicho ndicho kinacholiwa, na kibiashara huitwa korosho karanga. Karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na takriban sehemu moja ya tano ni protini.

Bibo lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, lakini huharibika ndani ya siku moja tu baada ya kuanguka. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mabibo huozea shambani. Machache huliwa, hukamuliwa juisi, hukaushwa au kuvundikwa kuwa pombe ya kienyeji iitwayo uraka. Wapo pia wanaoikeneka kuwa gongo, jambo ambalo ni kosa kisheria kwa asiye na kibali.

KALENDA YA SHAMBA

Kalenda ifuatayo ni ya kusini mwa Tanzania. Sehemu nyingine hutofautiana kwa wiki au miezi kadhaa.

Januari hadi Machi: Kupanda miche wakati wa mvua. Wataalamu hushauri miche iliyobebeshwa, kwa umbali wa mita 12 kwa 12, yaani takriban miti 28 kwa ekari. Miaka ya mwanzo mkulima anaweza kuchanganya na mazao mafupi kama kunde, karanga au mihogo.

Aprili hadi Juni: Kupalilia, kufyekea na kupogolea. Matawi yaliyokauka na yanayogusa chini hukatwa ili hewa na jua vipite.

Juni hadi Septemba: Miti hutoa majani mapya na maua. Huu ndio wakati wa kupulizia salfa na viuatilifu. Anayechelewa hapa hawezi kurudisha mavuno baadaye.

Septemba hadi Desemba: Kuokota, kukausha na kupeleka ghalani. Minada mikubwa ya kusini huanza Oktoba.

Korosho hazichumwi mtini. Huachwa zianguke zenyewe, kwani ile inayochumwa mapema huwa haijakomaa na kiini chake husinyaa. Zikishaokotwa hutenganishwa na bibo bila kuacha mabaki ya nyama, kisha huanikwa juani kwa siku mbili au tatu. Iliyokauka vizuri hulia ikitikiswa. Huhifadhiwa kwenye magunia ya juti au katani yanayopitisha hewa. Mifuko ya plastiki hufanya korosho zitoe jasho na kuota ukungu.

Mche uliobebeshwa huanza kuzaa ndani ya miaka mitatu hivi, na mti unaotunzwa huendelea kuzaa kwa miongo kadhaa. Ndiyo sababu mkorosho hurithiwa. Katika vijiji vingi, mtu anaweza kumiliki mikorosho aliyoachiwa na babu yake iliyo mbali na shamba analolima chakula.

MAGONJWA NA WADUDU

Adui mkubwa wa mkorosho katika Afrika Mashariki ni ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaofunika majani machanga na maua kwa unga mweupe. Maua yaliyoshambuliwa hukauka bila kutoa korosho. Ugonjwa huu ulianza kuwa tishio Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970. Njia iliyozoeleka ya kuuzuia ni salfa ya unga pamoja na viuatilifu vya maji, na mbegu zenye ustahimilivu zilizotafitiwa katika Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara. Kituo hicho ndicho mashuhuri zaidi kwa utafiti wa zao hili katika ukanda wetu.

Magonjwa mengine ni blaiti ya majani na korosho, na mnyauko unaosababishwa na fusari, ambao huua mti mzima. Kwa upande wa wadudu, wapo mbu wa mikorosho wanaofyonza machipukizi, na wapo wadudu wanaofyonza korosho changa na kuziachia madoa meusi.

Hapa ipo habari njema kwa mkulima asiye na fedha za dawa. Siafu wa miti waitwao majimoto, wanaojenga viota kwa kushona majani, huwinda wadudu hao waharibifu. Kuumwa nao ni karaha wakati wa kuokota, lakini mti wenye majimoto wengi hupata madhara machache. Kuwaua kwa dawa isiyo na mpango ni kujiondolea walinzi.

HISTORIA: KUPANDA NA KUSHUKA

Tanzania. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilizalisha takriban tani 145,000 za korosho ghafi. Kisha likaja anguko. Operesheni ya kuhamia vijijini iliwahamisha wakulima mbali na mikorosho yao, mashamba yakawa mapori, bei ya mkulima ikawa ndogo na malipo yakachelewa, halafu ubwiriunga ukaingia. Kufikia msimu wa 1986/87 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi chini ya tani 20,000. Katika miaka hiyo hiyo nchi ilikuwa na viwanda 12 vya kubangulia korosho vilivyojengwa kwa mikopo, vikiwemo vya Newala, Masasi, Nachingwea na Kibaha. Vingi havikupata korosho za kutosha. Baada ya biashara kufunguliwa kwa watu binafsi mwanzoni mwa miaka ya 1990, viwanda hivyo viliuzwa, na baadhi vikageuka kuwa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri meli.

Zao lilianza kuinuka kwa msaada wa salfa na mbegu bora. Msimu wa 2017/18 uzalishaji ulivuka tani 310,000, na mkulima akapata bei iliyopita shilingi 4,000 kwa kilo katika baadhi ya minada. Mwaka uliofuata mambo yaligeuka. Oktoba 2018 wanunuzi walitoa bei ambazo wakulima walizikataa mnadani. Novemba 12, 2018 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi la Wananchi likapewa kazi ya kuzisomba. Bei ilikuwa nzuri, lakini kabla ya malipo ulifanyika uhakiki wa mashamba, na wakulima wengi waliingia mwaka 2019 wakiwa hawajalipwa. Kusini bado wanausimulia msimu ule. Msimu wa 2024/25 uzalishaji ulipita tani 500,000, kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa.

Msumbiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Msumbiji ilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa duniani, ikizidi tani 200,000 kwa mwaka, na ilikuwa na viwanda vikubwa vya ubanguaji. Vita vilivyodumu hadi 1992 viliharibu mashamba na barabara. Baada ya hapo ukaja mgogoro maarufu wa sera. Katika miaka ya 1990 Benki ya Dunia ilishinikiza ushuru wa kuuza nje korosho ghafi upunguzwe, kwa hoja kwamba mkulima angepata bei bora. Wanunuzi kutoka India walizichukua korosho, viwanda vikakosa malighafi, na maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakapoteza ajira. Nyongeza aliyoipata mkulima haikuwa kubwa kama ilivyotarajiwa. Mwaka 1999 Bunge la Msumbiji lilipitisha sheria iliyorudisha ushuru huo kati ya asilimia 18 na 22 na kuvipa viwanda vya ndani haki ya kununua kwanza. Viwanda vidogo na vya kati vilifufuka, hasa katika jimbo la Nampula.

Kenya. Korosho za Kenya hutoka Kilifi, Kwale, Lamu na maeneo jirani. Kiwanda kikubwa cha Kilifi kilichoanzishwa katika miaka ya 1970 kilifungwa katika miaka ya 1990, na wakulima wengi wakaiacha mikorosho yao izeeke. Mwaka 2009 Kenya ilipiga marufuku kuuza nje korosho na makadamia zikiwa ghafi, na Sheria ya Mazao ya mwaka 2013 ikaweka katazo hilo ndani yake, isipokuwa kwa kibali maalumu. Lengo ni kulinda ubanguaji wa ndani. Hata hivyo, kiwanda hakiwezi kuishi kwa katazo tu kama mashamba yana miti mizee.

JINSI KOROSHO ZINAVYOUZWA TANZANIA

Tangu msimu wa 2007/08 korosho za Tanzania zimekuwa zikiuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanzia Mtwara. Mfumo unakwenda hivi:

1. Mkulima hupeleka korosho zake kwenye chama cha msingi cha ushirika, maarufu kama AMCOS. Hapo hupimwa, hukaguliwa ubora na hupewa risiti.

2. Chama cha msingi husafirisha mzigo hadi ghala kuu lililosajiliwa. Mwendesha ghala hutoa stakabadhi inayoonyesha uzito na daraja.

3. Chama kikuu, kama vile TANECU ya Tandahimba na Newala, MAMCU ya Masasi na Mtwara, au RUNALI ya Ruangwa, Nachingwea na Liwale, hutangaza mnada. Kwa miaka mingi wanunuzi walitumbukiza zabuni kwenye sanduku lililofunguliwa mbele ya wakulima. Tangu msimu wa 2024/25 minada imekuwa ikiendeshwa kwa kompyuta kupitia Soko la Bidhaa Tanzania.

4. Wakulima wakikubali bei, mnunuzi hulipa benki. Mkulima hupokea fedha kupitia akaunti yake baada ya makato ya ushirika, usafiri, ghala na tozo za halmashauri.

Msimamizi wa tasnia ni Bodi ya Korosho Tanzania, yenye makao makuu Mtwara, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Tasnia ya Korosho ya mwaka 2009. Mnunuzi asiyesajiliwa haruhusiwi kushiriki mnada.

Faida ya mfumo huu ni kwamba wanunuzi hushindana na bei hujulikana na wote. Kasoro ambazo wakulima huzilalamikia ni kuchelewa kwa malipo, wingi wa makato, na upungufu wa kilo kati ya mizani ya kijijini na mizani ya ghala kuu.

KANGOMBA

Hakuna anayeweza kuielewa biashara ya korosho bila kuelewa neno kangomba. Asili yake ni kipimo cha bakuli au kopo linalozidi kilo, lakini inayolipwa ni kilo moja. Siku hizi neno hilo hutumika kwa ununuzi wowote wa korosho nje ya mfumo rasmi, nao ni kosa kisheria.

Kwa nini mkulima anayejua bei ya mnada anakubali kuuza kwa kangomba? Sababu ni wakati. Korosho huuzwa kuanzia Oktoba, lakini shida hazingoji Oktoba. Juni na Julai mkulima anahitaji fedha za kupalilia, kupulizia, matibabu na chakula. Mwenye fedha humkopesha kwa ahadi ya kulipwa kwa korosho msimu ukifika.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mkulima anakopa shilingi 150,000 mwezi Julai kwa makubaliano ya kulipa kilo 100. Mnada ukifika shilingi 3,000 kwa kilo, atakuwa amelipa mali ya shilingi 300,000 kwa mkopo wa miezi mitatu au minne. Na kama kipimo ni bakuli linalozidi, atakuwa amelipa zaidi ya hapo. Hakuna benki inayotoza riba ya namna hiyo, lakini ni benki chache zinazofika kijijini mwezi Julai bila kudai hati ya nyumba.

Kwa hiyo kangomba haiondoki kwa msako peke yake. Pale ambapo vyama vya kuweka na kukopa vina nguvu, au pembejeo zinafika mapema, mnunuzi wa kangomba hukosa wa kumkopesha. Hili ndilo suala kubwa la zao hili, kwani linaamua kama fedha za korosho zitakaa kwa aliyepalilia au kwa aliyesubiri.

UBORA NA VIPIMO

Korosho ghafi hupangwa katika daraja la kwanza na daraja la pili kulingana na ukavu, usafi na uzima wa viini. Wanunuzi wa kimataifa hutumia vipimo vitatu zaidi.

Unyevu: Korosho zinazokwenda kuhifadhiwa au kusafirishwa kwa meli zinatakiwa ziwe zimekauka, unyevu usizidi asilimia 10 hivi. Zikizidi, huota ukungu ndani ya kontena.

Idadi kwa kilo: Korosho zikihesabiwa chache kwa kilo, maana yake ni kubwa. Kubwa hutoa viini vya daraja la juu.

Mavuno ya kiini: Hiki ndicho kipimo kinachoamua bei. Huonyesha ratili ngapi za kiini kizuri zitapatikana katika gunia la kilo 80. Mnunuzi hukata sampuli, hutenga viini vizima na vilivyooza, kisha hupiga hesabu. Ratili 48 ni sawa na kilo 21.8 kwa gunia, yaani karibu asilimia 27 ya uzito. Tofauti ya ratili mbili tu inaweza kubadili bei ya kontena zima. Mfanyabiashara asiyejua kupima ananunua maganda.

UBANGUAJI

Kubangua korosho ni kazi ya hatua nyingi. Kwanza hupangwa kwa ukubwa. Kisha huchemshwa kwa mvuke au hukaangwa ili ganda livunjike bila kuumiza kiini. Hufuata kuvunja ganda kwa mashine au kwa mkono, kukausha viini kwenye oveni, kumenya ile ngozi ya kahawia, kupanga madaraja na kufungasha bila hewa. Kasha la kawaida la biashara lina ratili 50, sawa na kilo 22.68.

Madaraja ya viini vizima hutajwa kwa herufi W na namba. W240 maana yake ni viini takriban 240 kwa ratili, na W320 ni takriban 320. Namba ikiwa ndogo kiini ni kikubwa na bei ni ya juu. Vilivyovunjika huuzwa kwa bei ya chini, hasa kwa watengenezaji wa biskuti na chokoleti. Ndiyo maana mbanguaji hulipwa kwa uzima wa kiini, si kwa haraka ya mkono.

Vikundi vya wanawake katika miji na vijiji vya kusini hubangua kwa mashine ndogo za mkono. Wanaofanya kazi hii bila glavu hupaka mafuta ya kula mikononi ili wasibabuke. Kwa vikundi hivi changamoto si soko la mtaani bali malighafi: zikishauzwa mnadani kwa tani nyingi, mwenye haja ya magunia kumi hana pa kununua kihalali.

Swali ambalo husikika kila mwaka ni kwa nini Tanzania bado husafirisha sehemu kubwa ya korosho ikiwa ghafi. Jibu liko kwenye kalenda na mtaji. Kiwanda cha hapa hupaswa kununua malighafi ya mwaka mzima katika miezi mitatu, kwa mkopo wa riba kubwa, kikishindana mnadani na mnunuzi wa nje mwenye mikopo nafuu. Viwanda vya Vietnam na India hupata korosho za Afrika Magharibi kuanzia Februari na za kwetu kuanzia Oktoba, hivyo mashine zao hazilali.

KOROSHO NA MIPAKA

Katika takwimu za forodha korosho zenye maganda zina namba 0801.31 na zilizobanguliwa 0801.32. Tofauti ya namba hizo mbili ni kubwa kwa mfanyabiashara, kwani sheria za nchi zote tatu zinabana korosho ghafi na kupendelea zilizobanguliwa.

Tanzania hutoza ushuru wa kusafirisha nje korosho ghafi. Kiwango kilichozoeleka kwa miaka mingi ni asilimia 15 ya thamani ya mzigo ukiwa melini, au dola 160 za Marekani kwa tani, kile kilicho kikubwa. Viwango hupitiwa katika bajeti, hivyo ni vyema kuhakikisha kile cha mwaka husika.

Tanzania na Msumbiji: Mpaka ni Mto Ruvuma. Daraja la Umoja lenye urefu wa mita 720, lililofunguliwa Mei 2010, linaunganisha Mtambaswala wilayani Nanyumbu na Negomano upande wa Msumbiji. Kipo pia kivuko cha Kilambo karibu na Mtwara. Wamakonde wako pande zote mbili, na wapo wenye ndugu na mashamba ng'ambo. Kwa hiyo korosho hufuata bei kama maji yanavyofuata mteremko: upande ukilipa vizuri, magunia huvuka kwa mitumbwi. Kwa sheria za nchi zote mbili, huo ni utoroshaji. Anayekamatwa hupoteza mzigo. Aidha, machafuko yaliyoanza Cabo Delgado Oktoba 2017 yamewafukuza wakulima wengi kwenye mikorosho yao na kufanya safari katika eneo hilo kuwa za hatari.

Kwa korosho karanga, nchi zote mbili ni wanachama wa SADC. Mzigo wenye cheti cha uasili wa bidhaa cha SADC unaweza kupata nafuu ya ushuru. Ikumbukwe kwamba Msumbiji haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo nyaraka za jumuiya hiyo hazitumiki huko.

Tanzania na Kenya: Njia ya kawaida kwa pwani ni Horohoro na Lunga Lunga. Bidhaa zenye uasili wa Afrika Mashariki hupita bila ushuru wa forodha zikiwa na cheti cha uasili. Kwa mfanyabiashara mdogo, mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani unaweza kutumia cheti cha uasili kilichorahisishwa, kinachotolewa pale pale mpakani kwa bidhaa zilizo kwenye orodha. Kukosa ushuru hakuondoi matakwa ya afya: cheti cha afya ya mimea bado kinahitajika, na bidhaa iliyofungashwa hukaguliwa na mamlaka za viwango.

KABLA YA KUNUNUA

Mfanyabiashara anayeingia katika korosho kwa mara ya kwanza azingatie yafuatayo:

- Ajisajili kwanza. Fedha bila leseni humfikisha kwenye kangomba, na kangomba humfikisha mahakamani.
- Apime mwenyewe unyevu na mavuno ya kiini. Sampuli ichukuliwe juu, katikati na chini ya gunia.
- Aulize msimu wa korosho. Korosho za mwaka jana zilizochanganywa na mpya hugunduliwa zikifika kiwandani, na hasara hurudi kwa aliyeuza.
- Kama anataka kuvusha mpaka, anunue zilizobanguliwa, kwa risiti, na apate vyeti kabla ya gari kuondoka.
- Anunue kutoka kwa vikundi vinavyojulikana na alipe kwa wakati. Kikundi kilicholipwa vizuri msimu huu humwekea mzigo mzuri msimu ujao.

Kwa mkulima, ushauri ni mfupi zaidi. Aanike hadi zilie, ahifadhi risiti zote za mizani, na kama lazima akope mwezi Julai, akope kwa shilingi na kulipa kwa shilingi. Korosho yenyewe isubiri mnada.